Wabunge Weusi wa Marekani: viti vimeongezeka, uamuzi je?

Kongresi ya Marekani iliyoapishwa Januari 2025 iliingia na wabunge Weusi zaidi ya 60. Kati yao Warepublican walikuwa 5 tu: Seneta Tim Scott wa South Carolina, na wajumbe wanne wa Baraza la Wawakilishi, yaani Burgess Owens, Byron Donalds, John James na Wesley Hunt. Waliobaki ni Wademocrat. Katika mabunge ya majimbo 50 picha ni hiyo hiyo: mamia ya wabunge Weusi, na Warepublican miongoni mwao ni wa kuhesabu kwa vidole.

Wapo wanaoona hapo kuna mtego. Hoja yao ni kwamba ukishajulikana huna pa kwenda, hakuna atakayekubembeleza. Chama cha Democratic kina uhakika na kura yako, Republican wamekwisha kuikatia tamaa, na wewe unabaki na viti bila bei. Wenzao wanajibu kwamba bungeni nguvu haitokani na kutanga kati ya kambi mbili, bali na ukongwe, kamati na nidhamu ya kundi, na kwamba Weusi wamevipata vyote hivyo kwa sababu walishikamana. Nawaheshimu wote, ila naona wanaruka swali linalotangulia: ni nini kinachomfanya mbunge Mweusi awe wa chama hiki na si kile? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye ramani ya uchaguzi, yaani mipaka ya maeneobunge, na kwenye kura ya mchujo, ambayo chama humchagulia mgombea wake, kabla hata mbunge hajaapa.

Historia nitaipitia haraka. Kati ya 1870 na 1901 Weusi 22 waliingia Kongresi, wote Warepublican, maana hicho ndicho kilikuwa chama cha Lincoln na cha kukomesha utumwa. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti Februari 1870, na Joseph Rainey wa South Carolina akaingia Baraza la Wawakilishi Desemba mwaka huo huo. Kisha majimbo ya Kusini yakaweka kodi ya kupigia kura na mitihani ya kusoma, na George White wa North Carolina alipoondoka mwaka 1901 Kongresi ikakaa miaka 28 bila Mweusi hata mmoja. Aliyerudi wa kwanza, Oscar De Priest wa Chicago, alikuwa Republican. Aliyemwangusha mwaka 1934, Arthur Mitchell, ndiye Mweusi wa kwanza wa Democratic katika Kongresi. Bado mwaka 1956 Rais Eisenhower wa Republican alipata zaidi ya theluthi moja ya kura za Weusi. Mlango ulifungwa mwaka 1964, pale Republican waliposimamisha Barry Goldwater kugombea urais, seneta aliyeipinga Sheria ya Haki za Kiraia. Tangu hapo, katika kila uchaguzi wa rais, kati ya Weusi 8 na 9 katika kila 10 humpigia Mdemocrat, na mara nyingine hupita hapo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo mjadala mwingi unapopotea. Chukua jimbo la kubuni lenye maeneobunge 5, kila moja na wapiga kura 100,000. Weusi ni 150,000, yaani asilimia 30. Tuseme Weusi 90 katika kila 100 humpigia Mdemocrat, na Wazungu 25 katika kila 100 hufanya hivyo. Ukiwatawanya Weusi sawasawa, Mdemocrat anapata asilimia 44.5 kila mahali na anashindwa kote. Ukiwarundika 65,000 katika eneobunge moja, hapo anashinda kwa asilimia 67, lakini manne yaliyobaki yana Weusi wapatao asilimia 21 kila moja na Mdemocrat hafiki hata 39. Umepata kiti 1. Ukiwaweka 50,000 katika kila moja ya maeneobunge mawili, unapata asilimia 57.5 na viti 2. Ukithubutu kuweka 40,000 katika matatu, unapata asilimia 51 na viti 3 kati ya 5, yaani wingi wa bunge, ila kwa upenyo mdogo mno.

Swali linalofuata ni kama viti hivyo vitatu vitakwenda kwa Weusi. Angalia mchujo. Katika eneobunge la asilimia 40, kura za Democratic ni 36,000 za Weusi na 15,000 za Wazungu. Kwa hiyo kama wanaojitokeza kwenye mchujo wanalingana na kura hizo, 7 kati ya 10 ni Weusi, na wao ndio wanaompa mtu tiketi. Si lazima wawe nusu ya eneobunge ili wamchague wanayemtaka.

Lakini shusha Wazungu wanaompigia Mdemocrat kutoka 25 hadi 15. Eneobunge la asilimia 40 sasa linatoa kura 45 kwa 100, limekwenda. La asilimia 50 linatoa 52.5, limepona. Tofauti hiyo ya alama 10 kwa upande wa Wazungu ndiyo inayoamua ramani ipi inawafaa Weusi, na hutofautiana jimbo kwa jimbo. Halafu kuna makato ambayo wachoraji wazembe huyasahau: idadi ya wakazi si idadi ya wapiga kura. Watoto hawapigi, katika baadhi ya majimbo waliohukumiwa kwa makosa makubwa wamezuiwa, na miaka isiyo na uchaguzi wa rais watu hujitokeza kwa uchache. Eneobunge lenye Weusi asilimia 50 kwenye sensa laweza kuwa na 44 kwenye foleni ya kura.

Alabama ilionyesha hili waziwazi. Weusi huko ni kama asilimia 27 ya wakazi, lakini katika maeneobunge 7 ya Kongresi walikuwa na uwezo wa kuchagua katika 1 tu. Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali kwamba hilo lilivunja Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, ile ya 1965 inayopinga ubaguzi wa rangi katika uchaguzi. Bunge la jimbo likajibu kwa ramani mpya yenye eneobunge la pili la Weusi karibu asilimia 40. Mahakama ya chini ikaikataa, kwa sababu kwa jinsi Wazungu wa Alabama wanavyopiga kura, 40 ni sawa na kushindwa. Ramani ya mahakama ilipandisha idadi hadi karibu 49, na Novemba 2024 Shomari Figures, Mweusi wa Democratic, akashinda.

Wenye hoja ya mtego wanao ushahidi mzito katika Georgia. Kabla ya ramani za 1992, wabunge wa Georgia katika Kongresi walikuwa Wademocrat 9 na Republican 1, Newt Gingrich. Ramani mpya iliunda maeneobunge matatu yenye Weusi wengi, na Republican waliifurahia kwa sababu maeneo ya jirani yalibaki na Wazungu watupu. Baada ya uchaguzi wa 1994 na Mdemocrat mmoja Mzungu kuhama chama mwaka 1995, hesabu ilikuwa Warepublican 8 na Wademocrat 3. Hao watatu wote walikuwa Weusi: John Lewis, Cynthia McKinney na Sanford Bishop. Viti vya Weusi vilitoka 1 hadi 3 katika muda huo huo ambao Republican walichukua Baraza zima la Wawakilishi. Nisizidishe: mwaka 1994 Wademocrat walianguka hata mahali ambapo ramani haikuguswa. Hata hivyo mchango wa urundikaji katika Kusini haufichiki.

Wabunge Weusi wa Georgia waliliona, wakajaribu njia nyingine. Mwaka 2001, maseneta Weusi 10 kati ya 11 wa jimbo hilo walipigia kura ramani ya Seneti iliyopunguza idadi ya Weusi katika maeneo yao wenyewe hadi kidogo juu ya nusu, ili kura zilizozidi zisaidie Wademocrat wa jirani. Ramani ilipita kwa 29 dhidi ya 26. Bila wao isingepita. Naiona kuwa moja ya kura za ujasiri mkubwa katika siasa za Kusini, mtu kukubali kiti chake kiyumbe ili kundi libaki madarakani. Novemba 2002 Wademocrat walishinda viti 30 kati ya 56. Kisha maseneta wanne, wote Wazungu, wakahamia Republican siku chache baada ya uchaguzi, na wingi ukatoweka. Charles Walker, Mweusi aliyekuwa kiongozi wa walio wengi na aliyeiunga mkono ramani ile, alipoteza kiti chake mwenyewe. Ramani ilifanya kazi yake. Kilichoharibika ni kwamba hakukuwa na chochote kinachowafunga waliobebwa na kura za Weusi wasihame nazo.

Kuna hasara nyingine ya kuwa karibu wote katika chama kimoja, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote ingawa haizungumzwi sana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kuzuia ramani zinazochorwa kwa upendeleo wa chama. Kuchora kwa kuangalia rangi bado kulibaki na vikwazo. Sasa, kama Weusi 9 kati ya 10 ni Wademocrat, mchoraji akiwahamisha anasema: nimewahamisha Wademocrat. Ndivyo ilivyokuwa South Carolina, ambako Weusi karibu 30,000 wa wilaya ya Charleston walitolewa eneobunge la 1 wakatiwa la 6. Mei 2024 Mahakama ya Juu ilikubali utetezi huo kwa kura 6 dhidi ya 3. Mshikamano umegeuzwa kinga ya mpinzani.

Je, dawa ni kugawanya kura? Tim Scott ndiye mfano bora wa wanaosema ndiyo. Novemba 2018, Warepublican wakiwa 51 dhidi ya 49 katika Seneti, alitangaza kumpinga Thomas Farr, aliyeteuliwa kuwa jaji wa shirikisho North Carolina. Farr ndiye aliyetetea mahakamani sheria ya upigaji kura ya jimbo hilo, ambayo mahakama ya rufaa ilisema iliwalenga Weusi kwa makusudi. Republican mwingine, Jeff Flake, alikuwa tayari amekataa, kwa hiyo tamko la Scott likamaliza uteuzi. Wademocrat Weusi wote katika Seneti wasingeweza kufanya hivyo peke yao.

Ila tazama Scott anachaguliwa na nani. Yeye, na karibu Warepublican Weusi wote waliowahi kuingia Kongresi tangu miaka ya 1990, kuanzia Gary Franks wa Connecticut na J.C. Watts wa Oklahoma hadi Mia Love wa Utah, walipewa viti na wapiga kura Wazungu. Will Hurd wa Texas alitoka eneo la Walatino wengi. Mchujo wao uko mikononi mwa watu wasio Weusi, na mbunge humsikiliza anayempa tiketi. Januari 2022, mswada wa kurejesha nguvu za Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ulipofika Seneti, hakuna Republican hata mmoja aliyeupigia kura, Scott akiwemo.

Na anayehama akiwa katika ngome ya Weusi? Mesha Mainor, mbunge wa Georgia kutoka Atlanta, aligombana na Wademocrat wenzake kuhusu vocha za shule binafsi, yaani fedha za umma za kulipia karo huko, akahamia Republican Julai 2023. Machi 2024 mswada wa vocha za dola 6,500 kwa mwanafunzi ulipita katika Baraza la jimbo kwa kura 91, kiwango cha chini kabisa kinachohitajika, na yake ikiwemo. Kura yake iliamua kweli. Novemba mwaka huo wapiga kura wakamtoa. Kwa hiyo kumshauri mbunge mmoja mmoja ahame ni kumshauri aache kiti. Kinachotakiwa kwanza ni chama cha pili kitafute kura hizo kwa sera, na kwa ramani ya sasa hakina sababu ya kujisumbua.

Upande wa waliobaki Democratic nao una faida isiyokanushika. Kiti salama huzaa ukongwe, na ukongwe huzaa uenyekiti. Kati ya 2019 na 2023 Maxine Waters aliongoza Kamati ya Fedha, Bobby Scott ya Elimu na Kazi, Bennie Thompson ya Usalama wa Ndani, na James Clyburn alikuwa mnadhimu wa walio wengi. Tangu Januari 2023 Hakeem Jeffries anaongoza Wademocrat wote wa Baraza. Hakuna kizazi cha Weusi kilichowahi kufika hapo. Lakini siku Wademocrat walipopoteza wingi, uenyekiti wote ulikwenda kwa mpigo. Mississippi, ambako Weusi ni asilimia 38, hali hiyo ni ya kudumu: wabunge wengi wa Democratic ni Weusi, na Warepublican wana wingi unaowatosha kupitisha hata miswada ya kodi, inayohitaji tatu ya tano, bila kumwomba yeyote.

Kwa maoni yangu, panapokuwa na wingi, kushikamana kunalipa, na ramani ya asilimia 40 hadi 50 inafaa mahali ambapo Wazungu wa kutosha humpigia Mdemocrat. Pasipo na wingi, maeneobunge yenye Weusi zaidi ya nusu yalindwe, na kundi lijifunze kuuza kura zake ndani ya bunge bila kuhama chama. Willie Brown, Mdemocrat Mweusi, alifanya hivyo California mwaka 1980: alipata uspika wa bunge la jimbo kwa kura 28 za Warepublican na 23 za Wademocrat wenzake, akaushika hadi 1995. Texas inaonyesha pia jinsi biashara hiyo inavyoharibika. Januari 2025, Mrepublican Dustin Burrows alichaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo kwa kura 85, na 49 kati yake zilikuwa za Wademocrat, kundi ambalo uti wake wa mgongo ni Weusi na Walatino. Wiki chache hazikupita, kanuni mpya zikapitishwa: uenyekiti wa kamati ni wa walio wengi peke yao, wengine wapewe unaibu. Mwaka 2021 Harold Dutton, Mdemocrat Mweusi wa Houston, alikuwa bado ameshika Kamati ya Elimu ya Umma katika Baraza hilo. Kura za kumchagua Spika zilitangulia, kanuni zikafuata. Mwenye kura alipaswa kudai kanuni ziandikwe kwanza.