Babu Mwenye Miaka 6

Siku niliyompata babu wa babu yangu nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu ana wazee 16 katika ngazi hiyo ya ukoo, na mmoja wao alikuwa mbele yangu kwenye daftari la ubatizo, na jina la baba yake na la mama yake juu.

Nikawatangazia watafiti wenzangu wa koo. Hawa watu, ukiwaomba maji wanakuchimbia kisima. Mama mmoja ambaye hatujawahi kuonana alisafiri kwa muda wa saa tatu hadi makaburini, na kioo na tochi mkobani, maana herufi zilizolika kwenye jiwe huonekana ukizimulika kutoka ubavuni. Alinitumia picha 40. Kwenye moja, goti lake limejaa tope. Jina lilisomeka, ila upande wa chini jiwe limezama ardhini. Lilikuwa dogo mno. Nikasema babu alikuwa mtu mnyenyekevu.

Mzee mmoja mstaafu naye alikesha akinisomea mwandiko unaofanana na nyayo za kuku. "Usinishukuru, mwanangu," aliniandikia. "Nina muda kuliko macho."

Kazi yangu mimi ilikuwa kupokea na kujisifu. Nikachora mti wa ukoo, nikampa babu mke na watoto 9, nikautia kwenye fremu. Shangazi akapata nakala.

Wiki iliyofuata mzee akaleta ukurasa wa daftari la maziko. "Mwanangu, keti kwanza." Jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule. Umri: miaka 6.

Nilisoma mara tatu nikiomba iwe 60 na sifuri imefutika. Mzee ananijua, pembeni alishaandika: "Si 60. Nimetazama kwa lenzi zote mbili."

Kumbe zamani, mtoto akifariki, mara nyingi aliyezaliwa baada yake alipewa jina lake. Babu yangu ni huyo mdogo mtu, naye alikuwa ananisubiri kurasa nne mbele kwenye daftari lile la ubatizo. Nilishangilia mapema, sikufunua.

Kumwambia yule mama ndiyo ilikuwa shughuli. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, goti lile likinitazama. Jibu lake lilikuja upesi:

"Pole, mwanangu. Mimi nilitafiti ukoo wa watu wengine miaka 2, nikawalilia kabisa. Huyo mdogo kazikwa wapi? Jumamosi sina kazi, na suruali imeshakauka."