Hesabu naiamini, mizani siiamini

Karatasi ya kura ya Palm Beach, Florida, mwaka 2000, ilifunguka kama kitabu. Majina ya wagombea yalikaa kushoto na kulia, matundu ya kutoboa yakapangwa katikati kwa mstari mmoja. Kushoto, George W. Bush alikuwa wa kwanza na Al Gore wa pili. Lakini tundu la pili halikuwa la Gore. Lilikuwa la Pat Buchanan, mhafidhina wa chama kidogo cha Reform, ambaye jina lake lilikuwa upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Msimamizi wa uchaguzi wa kaunti hiyo, Mdemokrati kama Gore, alikuwa amekuza maandishi ili wazee wasome bila taabu, ndipo majina yakashindwa kutosha upande mmoja. Wazee wakatoboa. Buchanan akazoa zaidi ya kura 3,400 katika kaunti yenye wastaafu wengi wa Kiyahudi, watu ambao hata yeye mwenyewe hakutarajia wampigie, na kura zaidi ya 19,000 zikaharibika kwa kutobolewa zaidi ya tundu moja. Bush akaichukua Florida kwa kura 537, na Florida ikampa urais.

Nimeanza na kisa hiki makusudi, kwa sababu ndani yake hamna mwizi. Sisi huku mjadala wa uchaguzi ukianza tu, neno la kwanza ni wizi: masanduku yaliyojazwa usiku, fomu zilizobadilishwa njiani. Basi hata uchaguzi wa Marekani tunaupima hivyo hivyo, waliiba au hawakuiba? Donald Trump naye mwaka 2020 aliwauliza Wamarekani swali hilo, na mamilioni wakamwamini.

Tuangalie jimbo la Georgia. Joe Biden alimpita Trump kwa kura 11,779. Karatasi karibu milioni 5 zikahesabiwa upya kwa mkono, kisha zikapitishwa tena kwenye mashine, na Biden akabaki mbele. Kesi zaidi ya 60 zilizofunguliwa kupinga matokeo katika majimbo mbalimbali zikaanguka karibu zote, baadhi mbele ya majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe. Januari 2, 2021, Trump akampigia simu Brad Raffensperger, Mrepublican mwenzake aliyekuwa akisimamia uchaguzi wa Georgia, akimtaka atafute kura 11,780. Yaani lile pengo, ongeza moja. Raffensperger akagoma.

Kugoma kulimwezekana kwa sababu kule hakuna tume moja ya taifa inayokusanya matokeo, wala ukumbi kama Bomas wa Nairobi ambako nchi nzima inakodoa macho kumsubiri mtu mmoja asome karatasi. Uchaguzi unaendeshwa na majimbo, na chini yake kaunti zaidi ya 3,000, kila moja na maofisa wake. Anayetaka kuiba atahitaji washirika mahali pengi mno, na wengine watakuwa wa chama cha mpinzani wake. Kwa hiyo wakisema kura ni ngapi, mimi naamini. Ninachokitilia shaka ni uzito wa kila kura, na uzito huo umewekwa na katiba yenyewe, mchana kweupe.

Mmarekani hamchagui rais moja kwa moja. Anachagua wajumbe wa jimbo lake, ambao jumla yao nchi nzima ni 538, na anayepata 270 ndiye rais. Kila jimbo lina wajumbe sawa na wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi, ukijumlisha maseneta wake wawili. Hao maseneta wawili ndio wanaopindisha mizani: Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita kwa sensa ya 2020, ina wajumbe 3, California, yenye watu milioni 39 na nusu, ina 54. Ukigawa, mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama kwa watu kama 192,000, wa California kwa watu kama 732,000. Puerto Rico, yenye raia wa Marekani zaidi ya milioni 3, haina hata mjumbe mmoja.

Halafu karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wote, isipokuwa Maine na Nebraska. Hili kwangu ni baya kuliko lile la kwanza, na halibagui chama. Mwaka 2020 Trump alipata California kura zaidi ya milioni 6, nyingi kuliko alizopata Texas au jimbo jingine lolote. Zilimletea wajumbe wangapi? Sifuri.

Watetezi wa mfumo husema Marekani ni muungano wa majimbo, na bila wajumbe majimbo madogo yatamezwa. Hoja hii inasikika vizuri hadi utazame ratiba za kampeni. Mgombea gani huenda kulala Wyoming? Wanapiga kambi Pennsylvania, jimbo kubwa ambalo lina bahati tu ya kutojulikana litaangukia wapi. Na kama shida ni rais asiwe wa upande mmoja wa nchi, katiba ya Kenya ya 2010 imelitatua bila kugusa uzito wa kura: nusu ya kura zote na zaidi, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Ikumbukwe pia kwamba katiba ya Marekani ilipoandikwa Philadelphia mwaka 1787 majimbo ya kusini yalikuwa na sababu yao ya kuupenda mpango huu: watumwa hawakupiga kura, lakini walihesabiwa kwa tatu ya tano ya mtu katika kugawa wabunge, na hivyo wajumbe.

Ipo hoja nyingine ya watetezi ambayo haisemwi sana, na hiyo inanipa taabu kuijibu. Mfumo wa wajumbe huufungia ugomvi ndani ya jimbo moja au mawili. Mwaka 2000 maofisa walishika karatasi juu ya taa na kuchungulia kwa kioo cha kukuzia kama tundu limetoboka au limebonyea tu, lakini walifanya hivyo Florida peke yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikomesha kazi hiyo Desemba 12 kwa majaji watano dhidi ya wanne, na kesho yake Gore akakubali kushindwa, ingawa nchi nzima alikuwa amempita Bush kwa kura zaidi ya laki tano. Sasa fikiria kura za jumla zikikaribiana kama mwaka 1960, John F. Kennedy alipomwacha Richard Nixon kwa kura laki moja na kidogo. Kioo hicho kingehitajika katika kila kaunti, Alaska hadi Maine.

Kuhusu vitambulisho vya kuonyesha kituoni, ambavyo Warepublican wanavidai na Wademokrati wanavilalamikia, msomaji wa Nairobi au Dodoma atashangaa ugomvi uko wapi. Lakini Marekani haina kitambulisho cha taifa kama chetu, hivyo kila jimbo huamua kipi kinafaa. Sheria ya Texas ya 2011 ilikubali leseni ya kubeba bastola, ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha serikali. Hapo mtu ana haki ya kuuliza nani alilengwa.

Mwaka 2024 kelele za wajumbe zilipungua, kwa kuwa Trump alishinda kote: wajumbe 312, na kura za jumla zipatazo milioni 2.3 zaidi ya Kamala Harris. Lakini chukua Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, ambako Harris alishindwa kwa jumla ya kura zisizofika 230,000. Angezipata hizo na chache juu yake, angefikisha wajumbe 270 kamili na kuapishwa, huku mpinzani wake akiwa amempita nchi nzima kwa kura milioni mbili. Wademokrati waliolalamika mwaka 2000, na tena 2016 Hillary Clinton alipopata kura karibu milioni 2.9 zaidi na kubaki nje, ningependa sana kuwasikia asubuhi hiyo.