Mafua tu, sindano ya nini?

Tatizo linaanzia kwenye jina. Hapa Dar mtoto anayechuruzika kamasi ana mafua, na mtoto aliyelala siku ya nne na joto la nyuzi 39, viungo vinamuuma hadi hataki kubebwa, naye akishapona tutasema alikuwa na mafua. Wa kwanza hupewa chai ya tangawizi na limau, kesho yake yuko shule. Wa pili hupimwa malaria. Isipoonekana hutafutiwa UTI au taifodi, na mara nyingi hakosi moja. Kirusi chenyewe cha influenza hakitajwi, kwa sababu zahanati nyingi hazina kipimo chake. Wataalamu wana jina lao, "homa ya mafua", ila hilo huishia kwenye mabango.

Ndiyo maana ikitangazwa homa mpya ya mafua, na nyuma yake ikatajwa chanjo ya watoto, jibu la kwanza kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi huwa lile lile: mafua tu, sindano ya nini? La pili, kutoka kwa waliosoma zaidi, ni Finland, ambako chanjo ya mafua ya 2009 iliwaachia baadhi ya watoto ugonjwa wa kusinzia. Hili la pili lina uzito, na watetezi wa chanjo hujiharibia wenyewe wanapolijibu kwa kejeli.

Mzazi anayesita ana historia ya kumtetea. Mwaka 1976 Marekani iliona kirusi kipya cha mafua kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, ikaogopa, ikachanja watu wapatao milioni 45 ndani ya wiki chache. Mlipuko wenyewe haukuja. Kilichokuja ni ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu: mgonjwa mmoja wa ziada, kwa makadirio, katika kila watu 100,000 waliochanjwa. Huku kwetu, mwaka 2008, vurugu zilizuka kwenye shule za msingi Morogoro baada ya watoto kupewa dawa za kichocho na minyoo. Ile haikuwa chanjo, lakini somo lake ni hili hili: prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikimezwa kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, watoto wakaanza kuugua, na uvumi kwamba wanakufa ukawatangulia walimu kufika majumbani. Kisha likaja la korona. Januari 2021 Rais alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 mwaka huo huo aliyemrithi alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Mtu aliyesikia mambo mawili kutoka ofisi moja ndani ya miezi sita ana haki ya kuuliza.

Sasa Finland, maana hapo ndipo mjadala unapokwama. Homa ya mafua ya H1N1 ilipotangazwa kuwa janga la dunia Juni 11, 2009, nchi kadhaa za Ulaya zilichanja watoto kwa Pandemrix, chanjo iliyoongezwa kichocheo cha kinga kiitwacho AS03. Agosti 2010 Sweden na Finland zilianza kuona vijana wanaosinzia ghafla mchana, wengine wakiishiwa nguvu za magoti wanapocheka. Ni narkolepsi: seli chache za ubongo zinazotengeneza haipokretini, kemikali inayotuweka macho, zimekufa, na hazirudi. Hesabu ya Finland ilikuwa takriban mtoto 1 kati ya 16,000 waliochanjwa wenye miaka 4 hadi 19. Uingereza walipata pungufu, kama 1 katika dozi 52,000 hadi 57,500.

Tuichukue namba mbaya zaidi tuilete nyumbani. Dar ilikuwa na watu 5,383,728 kwenye sensa ya 2022. Chukua watoto milioni moja tu, wachanje kwa chanjo ile ile, upate matokeo yale yale: ni watoto 62 wenye ugonjwa wa maisha. Hawajazi basi moja la mwendokasi, lakini kila mmoja ana mama. Anayekwambia idadi hiyo ni ndogo hajajiuliza maswali ya kutosha. Na kuna la kuuma zaidi. Finland iligundua kwa sababu rejesta yake ya chanjo inaweza kuunganishwa na mafaili ya hospitali. Ukiuliza nani alichanjwa na nani alilazwa, majina yanakutana. Kwetu mtoto anayesinzia darasani angeitwa mvivu, angechapwa, pengine angepelekwa kwenye maombi, na hakuna ambaye angeiunganisha hali yake na sindano ya miezi mitano nyuma.

Hoja hiyo ni nzito, na hata hivyo haifiki inakopelekwa. Marekani, ambako chanjo za 2009 hazikuwa na kichocheo, ongezeko hilo halikuonekana. Leseni ya Pandemrix Ulaya ilikwisha 2015 na haikuhuishwa. Anayeikataa chanjo ya leo kwa sababu ya Pandemrix anaikataa bidhaa ambayo hakuna atakayempa. Kisha kuna foleni tunayoilalamikia kila siku, kwamba nchi tajiri huchanja kwanza na sisi tunapata makombo. Foleni hiyo ina faida moja isiyosemwa: dozi inapofika Bandarini au Uwanja wa Nyerere, huwa imekwishadungwa mamilioni ya watoto wa wengine, kwenye nchi zenye rejesta. Tunachelewa kukingwa, ndiyo, ila hatuwi wa kwanza kujaribiwa. Kwa hiyo muulize mtoa chanjo mambo mawili yenye majibu: ina kichocheo au haina, na imetumika kwa watoto wa wapi, kwa muda gani?

Ukurasa wa pili wa daftari ndio usiofunguliwa. Madhara ya chanjo yana tarehe, yana jina, yana picha ya mtoto. Madhara ya influenza huandikwa "nimonia". Vifo vya janga la 2009 vilivyothibitishwa maabara vilikuwa kama 18,500. Watafiti walipokadiria upya walipata kati ya 151,700 na 575,400 kwa mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu yake huenda vilitokea Afrika na Kusini Mashariki mwa Asia, huko ambako hakuna aliyekuwa akipima. Takriban asilimia 80 walikuwa chini ya miaka 65. Mafua yale hayakungoja wazee.

Na huo ni mwaka wa janga. Chukua mwaka wa kawaida: kwa 2018, makadirio ya dunia ni watoto 870,000 wa chini ya miaka mitano waliolazwa kwa maambukizi ya mapafu yaliyohusishwa na influenza, na vifo karibu 35,000. Watoto wa umri huo duniani ni kama milioni 680, kwa hiyo aliyelazwa ni 1 kati ya 800 hivi. Chanjo ya mafua, ikiendana vizuri na kirusi, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Sema nusu. Umezuia kulazwa kwa mtoto 1 kati ya 1,600, kila mwaka, dhidi ya 1 kati ya 16,000 wa chanjo iliyoacha doa kubwa kuliko zote katika kizazi hiki. Umri haulingani sawasawa, hilo nalikubali, wala kulazwa siku tatu si sawa na narkolepsi ya maisha. Lakini tofauti ni mara kumi, na upande mmoja wa mizani nimeuwekea jiwe zito kuliko yote yaliyopo.

Hesabu hiyo hubadilika mtoto akiwa na pumu, tundu kwenye moyo, VVU au selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na selimundu. Kwa hawa, homa kali ya siku tatu inaweza kuanzisha mwendo wa kuelekea Muhimbili usiku. Hapo sioni mjadala. Mtoto wa miaka kumi mwenye afya njema ni habari nyingine. Atakaa kitandani wiki moja na ataamka.

Ila huyo wa miaka kumi analala chumba kimoja na bibi mwenye kisukari. Japani ilichanja watoto wa shule tangu miaka ya 1960, ikaifanya lazima 1977, ikalegeza 1987, ikaufuta mpango 1994. Waliofuatilia takwimu za vifo waliona vifo vya ziada vya majira ya baridi vikishuka mpango ulipokuwepo na kupanda ulipoondoka. Makadirio yao ni kifo 1 kilichozuiwa kwa kila watoto 420 waliochanjwa, na wengi waliookolewa ni wazee. Kuna wanaosema si haki mtoto abebe sindano ya bibi. Kwenye nyumba za kupanga za Manzese, bibi ndiye anayembeba mtoto huyo mchana kutwa mama akiwa sokoni, na akilazwa bibi, nyumba nzima inasimama.

Upande wa kukataa una hoja mbili ambazo watetezi huzikwepa. Moja ni wakati. Chanjo ya kirusi kipya inayokuzwa kwenye mayai ya kuku huchukua kama miezi mitano au sita. Mwaka 2009 ilitoka wimbi la pili likiwa limeshaanza, na nchi maskini zikaanza kuipata 2010. Ikifika baada ya wimbi, faida yake ni kwa wimbi lijalo, kama lipo. Nyingine ni vipaumbele. Chanjo ya mafua haimo kwenye ratiba ya kliniki ya taifa; mzazi huinunua hospitali binafsi. Mwenye mtoto aliyekosa surua-rubela ya pili ya miezi 18 asianze na hii. Aende kliniki na kadi, ile ni bure na surua ni hatari zaidi.

Kwa anayeamua kuchanja, mambo mengi huharibika kwenye friji kabla hayajafika kwenye paja la mtoto. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, rafu ya katikati, kamwe si mlangoni, na ikiganda imekwisha hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Omba kuiona karatasi ya joto inayobandikwa kwenye friji. Husomwa mara mbili kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukikuta mwezi mzima umeandikwa nyuzi 5, nyuzi 5, nyuzi 5, wino mmoja, mwandiko mmoja, na juzi mtaa huo umeme ulikatika kwa muda wa saa sita, shukuru kwa upole uondoke. Ukiona friji hiyo ina soda na hotpoti la nesi, usingoje hata karatasi.

Angalia lebo. Za kaskazini mwa dunia huandikwa miaka miwili, mfano 2025/2026. Za kusini mwaka mmoja. Sisi tuko karibu na ikweta, mafua yanazunguka karibu mwaka mzima, hivyo zote zinafaa, lakini ya kaskazini inayouzwa Mei au Juni iko ukingoni mwa tarehe yake.

Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa mafua mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zikipishana angalau wiki nne. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: dozi ya pili inasahaulika, mtoto anaugua, na lawama inakwenda kwa chanjo. Kipimo ni nusu mililita, ingawa aina nyingine hutoa robo kwa wa chini ya miaka mitatu. Mtoto mdogo hudungwa pajani, aliyezidi miaka mitatu begani. Chini ya miezi sita hachanjwi. Anakingwa na mama aliyechanjwa akiwa mjamzito. Baada ya sindano kaeni dakika 15 hapo hapo kituoni, na hakikisha kuna adrenalini, dawa ya mzio mkali wa ghafla. Mtoto aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo ya mafua asipewe. Kinga hukamilika baada ya wiki mbili hivi.

Maudhi madogo madogo yatakuja: paja kuuma, homa ndani ya saa 24 za kwanza, mara chache kuzidi siku mbili. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, isizidi mara nne kwa siku, ipimwe kwa bomba na si kijiko cha chai. Asprini hapana kabisa. Mtoto mwenye influenza akipewa asprini anaweza kupata ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Na hapa jijini homa baada ya chanjo ina mtego wake. Mtoto akichanjwa Ijumaa, homa ikaanza Jumatatu, mtaa mzima utasema ni ile sindano, mama atangoja ishuke, na huenda muda wote huo ni malaria. Homa inayoanza siku ya tatu, au inayovuka saa 48, haisubiriwi. Apelekwe akatolewe tone la damu siku hiyo hiyo, na kadi ya chanjo iende naye ili daktari aione tarehe mwenyewe.