Asali ikiganda mashine inasema mteja kakasirika

Siku hizi Tabora ukiwa na biashara yenye nembo kidogo tu, hata asali ya chupa, atakuja kijana na laptopu akuuzie huduma ya kufuatilia jina lako mitandaoni, nani kakutaja, wapi, kakusifia au kakuponda, na kila mwezi unaletewa ripoti yenye duara la rangi tatu, kijani ya sifa, nyekundu ya lawama na kijivu ya katikati. Wauza asali wengi wanakataa, na wakikataa wanaitwa washamba. Mi naona hawajaeleweka.

Hao vijana nao wana hoja. Kampuni ya simu au benki inatajwa kila dakika, hakuna binadamu wa kusoma yote, na mtandao ukikata watu wanaanza kulalamika kwenye mitandao ya kijamii kabla hata ya kupiga huduma kwa wateja, hapo mashine inayokushtua kwamba malalamiko yamepanda ghafla inasaidia kweli, sibishi. Wanaosema huu ni upelelezi siwaungi mkono sana, ulichoandika hadharani kitasomwa, na taarifa binafsi zina sheria yake ya 2022.

Shida yangu ni lile duara. Mashine inajifunza hisia kutoka kwenye maandishi ambayo watu wameshayasoma na kuyawekea alama, hii nzuri, hii mbaya. Mwaka 2023 watafiti walitoa mkusanyo unaitwa AfriSenti, tweets zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Afrika, kazi kubwa na ya heshima, ila Kiswahili humo ni kama 3,000 tu wakati Kihausa kinapita 22,000. Elfu tatu jamani! Lugha ambayo UN wanasema ina wasemaji zaidi ya milioni 200, na group moja la harusi linamaliza meseji elfu tatu kabla hata ukumbi haujalipiwa. Sawa, zana za kulipia zinaweza kuwa na data zao wenyewe, basi muulize anayekuuzia Kiswahili chake kimepimiwa wapi na kinakosea mara ngapi, uone kama hajabadilisha mada.

Sasa chukua komenti ambayo kila muuza asali ameshakutana nayo: "Dada mbona asali yenu imeganda, mmechanganya sukari nini?" Mashine itaiweka kwenye nyekundu bila kusita. Muuzaji anaisoma anajua huyu hajagombana na mtu, anauliza, kwa sababu asali halisi huganda yenyewe, ile glukosi inajitenga na kuwa chenga, hasa ikikaa kwenye ubaridi. Anamjibu weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, yasichemke, itayeyuka, na mara nyingi mtu huyohuyo ndo anarudi kuagiza. Ukimhesabu kama hasira umempoteza mteja ambaye hata hakuwa ameondoka.

Halafu kuna suala la jina, nembo nyingi za asali ya huku zina neno Tabora ndani yake. Novemba 2024 Tabora United waliifunga Yanga 3-1, we fikiria programu inayokusanya kila palipoandikwa Tabora ilivuna nini usiku ule, mashabiki wa Yanga wanavyowaka, na muuza asali wa watu anaambiwa kesho yake sifa yake imeporomoka! Kuchuja inawezekana ndio, ila anayechuja lazima awe anaujua mpira na anaijua Tabora, yaani tumerudi kwa mtu.

Na kubwa kuliko yote, biashara ya asali inaongelewa WhatsApp, kwenye magroup na voice note, ambako programu hizi haziingii. Yule mama anayeitwa mshamba yumo kwenye group la wateja wake, anasoma yote, anajibu yote.

Kwa hiyo hao vijana wa laptopu wakirudi waje na maoni mia ya wateja wetu wenyewe, tuyasome pamoja na mashine yao ikiwepo pale mezani, tuone tunapishana wapi, ndo tuongee bei.