Tufungue Shimba, tuufunge mwamba

Kila wikendi ndefu inapokaribia, simu za vijana wa Mombasa hujaa mabango ya safari: kupiga kambi Shimba Hills, kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke, kulala Watamu, kuteremka Shimoni na kupanda mashua hadi Kisite. Zamani mambo ya mahema tuliwaachia wageni. Sasa wenyewe tunakodi matatu, tunabeba sufuria na kwenda. Wako wanaoshangilia, na wako wanaosema tunaenda kuharibu hata kile kidogo kilichobaki. Nimezisikiliza hoja za pande zote, na naona kosa letu ni kuizungumza Pwani yote kana kwamba ni mahali pamoja. Msitu una uwezo wake wa kustahimili watu, na mwamba wa matumbawe baharini una wake.

Tuanze na Shimba. Chemchemi ya Marere iliyo ndani ya hifadhi ile ni moja ya vyanzo vinavyoleta maji Mombasa, ila wengi wanaoyanywa hawajaukanyaga msitu wenyewe. Tena ndipo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala, yule swara mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, bado anaishi porini. Na si mbali: ukishavuka Likoni au ukapitia Dongo Kundu, unashika njia ya Kwale na hujachoka umefika.

Matembezi ya kwenda maporomoko ya Sheldrick yanafundisha mengi kuliko bango lolote. Askari wa wanyamapori hutangulia na bunduki begani, maana njia ile ni ya ndovu pia, na kinyesi chao kiko pale katikati ya njia, pengine bado kibichi. Kushuka ni porojo na picha. Maji yenyewe yanaanguka mita 21 hivi, na vijana huingia chini yake na nguo zao. Shughuli ni kurudi: mlima, jua na unyevu wa msitu, shati limegandama mgongoni, kila mtu kimya akiitafuta pumzi yake. Aliyepanda kilima kile kwa miguu yake, siku akisikia miti inakatwa kuchomwa mkaa, hataichukulia kuwa habari ya watu wengine. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito ya kuziunga mkono safari hizi, na naiweka mbele ya hoja ya pesa.

Kwa sababu pesa, kusema kweli, haziendi tunakodhani. Kiingilio kinalipwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa simu kabla hata gari halijaondoka. Chakula kimenunuliwa sokoni Kongowea, maji yametoka mjini, kiongozi wa safari ni wa mjini. Mwenye shamba la mahindi na mihogo kando ya hifadhi anaona magari yakipita tu. Usiku ndovu ndio wanaomtembelea. Tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2005 ndovu wengi walihamishwa kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki, na bado halikuisha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini kilio cha kuchelewa kwa malipo kinajulikana na kila mtu Kwale. Mkulima kama huyo akiuliza kambi zetu zinamfaa nini, ana haki ya kujibiwa.

Jibu lipo karibu. Mwaluganje, jirani na Shimba, wakulima walikubali mashamba yao yawe njia na malisho ya ndovu, wakawa wanapata mgao wa mapato ya wageni. Kaya Kinondo, huko Diani, ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kule huingii bila mwongozaji wa pale, unajifunga kitambaa cheusi, na hutoki hata na jani. Masharti hayo hayajawafukuza wageni. Kwa hiyo kundi linalokwenda kulala Shimba lichukue mwongozaji wa kijijini na mpishi wa kijijini, liwalipe vizuri. Najua bei itapanda, na kwa kijana wa Kisauni anayeishi kwa vibarua mia tatu za ziada si pesa ndogo. Hoja hiyo siipuuzi. Lakini gharama ya mwongozaji mmoja ikigawanywa na watu ishirini inabebeka.

Mwamba ni habari nyingine, na hapa nasimama upande wa wanaopinga. Wakati wa bamvua maji yakipwa sana, Nyali au Watamu, utaona makundi yametawanyika juu ya matumbawe na viatu. Mtu anaokota kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, anampitisha mkono kwa mkono juani mpaka kila simu imepata picha, kisha anamrusha popote. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa 1968, ya Mombasa 1986, na bado tunatembea juu yake kama uwanja. Matumbawe haya yaliungua vibaya na joto la bahari mwaka 1998. Mengine hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, na kisigino kinavunja kazi ya miaka kumi kwa hatua moja.

Nitaambiwa wachokoa pweza nao wanatembea pale pale. Kweli, ila mchokoa pweza huenda peke yake au na mwenzake, anajua pa kukanyaga, na mwamba ukifa njaa ni yake. Nitaambiwa pia tutawanyima vijana wa ufuoni riziki. Naona kinyume: maji yakijaa, yale matumbawe huonekana kwa mashua na miwani ya kuzamia, na mwenye mashua ndiye anayelipwa. Ni kupwa kunakomfanya mgeni ajiendee bure.

Plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika hifadhi na fukwe tangu Juni 5, 2020, na waandaaji wengi wa safari sasa wanasema hivyo kwenye mabango yao. Waongeze mistari miwili: nani kutoka kijijini ataliongoza kundi na atalipwa kiasi gani, na kwamba safari ya baharini ni ya maji kujaa. Anayelipia safari asome mistari hiyo kabla ya kutuma pesa, na isipokuwepo aulize.