Msiniambie Ni Kawaida

Jumatatu ya wiki iliyopita nimeambiwa kwa mara ya tatu, na kijana yule yule, kwenye kaunta ile ile ya walioniuzia gari, kwamba mlio unaotoka kwenye injini ya gari langu si tatizo. "Dada, hiyo ni kawaida ya injini za siku hizi." Siku nane sasa neno hilo halijanitoka kichwani. Limenikera kuliko hata mlio wenyewe.

Gari ni jipya. Sisemi jipya la kushuka bandarini na kilomita 80,000. Nasema sifuri kilomita, nailoni bado iko kwenye viti. Nimelilipia kwa akiba ya miaka 6 pamoja na mkopo uliobakiza miezi 31. Injini ni ndogo, ya petroli, lita 1.2, ina turbo. Silitaji gari wala aliyeniuzia, kwa sababu nikiongea na wenzangu wenye magari ya kampuni nyingine nasikia jibu ni lile lile.

Mara ya kwanza kuusikia mlio ilikuwa kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Tulikuwa watu wazima wanne, na nyuma kulikuwa na nazi na dagaa wa mama. Jua la saa saba, kiyoyozi kimewashwa, mbele yetu lori la mbao linatambaa. Gia ilikuwa juu, mizunguko ya injini haijafika hata 2,000 kwa dakika. Lori lilipotupisha nikakanyaga mafuta. Hapo ikatoka sauti mbele ya miguu yangu, kama mtu anatikisa shanga ndani ya kopo tupu la maziwa. Kavu, ya haraka, ya chuma. Nikiachia pedali inakatika. Nikikanyaga inarudi. Mdogo wangu akazima redio bila kuambiwa na mtu, na gari zima tukanyamaza tukiisikiliza.

Niweke wazi jambo moja, maana kila nikisema "injini inagonga" watu wananipa pole kama nimefiwa. Gari halijanoki. Kunoki ni beringi zimekwisha, mlio mzito wa nyundo, na hapo unatafuta injini nyingine. Huu wangu ni mwepesi, wa juu, na unakuja gari likiwa na mzigo tu: mlimani, kwenye joto, gia ikiwa kubwa. Mafundi wa zamani waliujua vizuri sana enzi za kabureta na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ya kurekebisha kwa mkono. Walikuwa wanalegeza distribyuta, ile inayogawa cheche, wanaizungusha kidogo, wanakwenda kujaribu kilimani, wanarudi, wanaizungusha tena mpaka mlio ukatike. Hakuna aliyemwambia mteja aende nao nyumbani.

Kwa nini basi mimi niende nao?

Nilipolirudisha mara ya kwanza, walilizungusha uani kwao, kwenye sakafu iliyonyooka kama meza, mtu mmoja ndani, saa mbili asubuhi. Wakasema hawasikii kitu. Ni kweli hawakusikia, na wasingeweza. Petroli na hewa vinatakiwa kuwaka kuanzia kwenye plagi, moto ukasambaa kwa mpangilio hadi kwenye kuta za silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, ile sehemu ya mwisho ambayo moto haujaifikia inajilipua yenyewe kwa mkupuo, na wimbi la mgandamizo linapiga chuma. Tunachosikia ni hicho chuma kikilia, mitetemo kama 6,000 au 7,000 kwa sekunde. Sasa uani kwenye kivuli, bila mzigo, joto litatoka wapi na mgandamizo utatoka wapi? Ni sawa na kumpima mtu anayebanwa kifua akipanda ngazi huku umemlaza kitandani.

Mara ya pili wakaniambia injini hizi zina sindano za mafuta zinazopiga moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo zina kelele. Hilo nakubali, na ninalikubali kwa shingo upande kwa sababu limetumika kunifungia mlango. Sindano hizo na pampu yake ya presha kubwa zinatoa sauti ya tik-tik-tik gari likiwa limesimama, na sauti hiyo haina neno. Nakubali pia kwamba vitabu vingi vya magari vinasema ukisikia mlio mdogo wa mara moja moja unapopanda mlima, usihangaike. Lakini wangu si wa mara moja moja. Unadumu mlima mzima. Na tik-tik ya sindano haisubiri nikanyage mafuta ndipo ije. Mtu anayefanya kazi ya magari kila siku akishindwa kutenganisha sauti hizo mbili, au asipotaka kuzitenganisha, mimi mnunuzi nimwamini kwa lipi?

Chini ya boneti la gari hili, kwenye bloku ya injini, imefungwa sensa yenye kazi moja tu: kusikiliza mlio huu. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kwa nyuzi kadhaa za mzunguko wa injini, joto na mgandamizo ndani ya silinda vinapungua, injini inapoteza nguvu kidogo, kisha inarudisha cheche taratibu. Yaani waliolitengeneza gari wameona mlio huu ni hatari kiasi cha kulitilia gari sikio lake la kuukamata. Halafu mimi niliyelinunua naambiwa nisiusikilize. Na kama sensa ipo na mlio bado unadumu hadi naukamata kwa sikio langu, dirisha limefungwa, maana yake ama sensa haifanyi kazi yake, ama inafanya na imefika mwisho wa uwezo wake. Yote mawili ni ya kupimwa. Hakuna hata moja la kujibiwa kwa neno "kawaida".

Kuna historia nyuma ya mlio huu, na mimi huwa inanitia uchungu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mhandisi Charles Kettering huko Marekani alilaumiwa kwamba mfumo wake wa cheche za betri ndio unaozigongesha injini. Akakaa na wenzake maabara ya Dayton kutafuta chanzo, wakagundua kosa liko kwenye mafuta. Desemba 1921 Thomas Midgley, aliyekuwa chini yake, akapata dawa: risasi. Si risasi ya bunduki, ile madini yenye sumu, ikayeyushwa ndani ya petroli. Dunia nzima ikaipumua. Nchi zetu za kusini mwa Sahara zilikuja kuachana nayo mwishoni mwa 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza 2021. Watoto wa vizazi kadhaa wamepumua sumu ya ubongo kwa sababu ya mlio huu huu. Ilikuwa dawa mbaya, tena mbaya sana. Ila ona uzito ambao wahandisi waliupa ugonjwa wenyewe.

Mara ya tatu, ile ya Jumatatu, jibu likabadilika katikati ya maongezi. Kwanza kawaida, halafu, nilipong'ang'ania, "labda unajaza mafuta mabaya".

Sawa. Tuongelee mafuta.

Ndani ya kifuniko cha tangi la gari langu pana stika imeandikwa RON 95. Hiyo ni okteni, kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa bila kujilipua. Nimeenda sheli tatu ninazojaza siku zote, nikawauliza vijana wa pampu mafuta yao ni okteni ngapi. Wa kwanza akanijibu, "Dada, hii ni petroli." Wa pili akamwita msimamizi, msimamizi akasema ni nzuri, haina shida. Wa tatu alicheka kwa aibu akaniomba radhi, na huyo sikumkasirikia hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia. Kwenye pampu zote tatu kuna bei, kuna lita hadi nukta mbili za mwisho, kuna jumla. Namba ya okteni haipo.

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, inatangaza bei kikomo, na sisi tunajua shilingi ngapi Dar, ngapi Tanga, ngapi Mtwara. Tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba, alama za siri za kuwakamata wachakachuaji. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili wachakachuaji wasiwe na faida ya kuyachanganya na dizeli na petroli, na waliolipia maumivu hayo ni bibi zetu wenye vibatari. Mnakumbuka miaka ile, neno "kuchakachua" lilivyotoka kwenye mafuta likaingia kwenye kura, kwenye matokeo ya mitihani, kwenye mapenzi. Tumepigana kwelikweli kuhusu mafuta nchi hii. Lakini kinasaba hakikuambii okteni, na bei kikomo haikuambii okteni. Mnunuzi wa kilo ya sukari anasoma uzito kwenye pakiti. Mimi ninayemimina lita 40 ndani ya injini ambayo bado naidaiwa kwa miaka 2 na zaidi, namba inayoamua kama itadumu siionyeshwi. Andikeni namba kwenye pampu. Stika moja tu. Muuzaji wa gari hataweza tena kusema "labda mafuta", na sheli haitaweza kusema "labda gari". Leo kila mmoja anamtupia mwenzake, na mimi nasimama katikati nikiwa na risiti.

Risiti ninazo zote. Na kwenye risiti yao ya sevisi ya kwanza wameandika "OIL 4L". Basi. Oili gani? Injini ndogo za turbo kama hii zina ndugu mkubwa wa mlio huu, pale mafuta yanapowaka kabla hata cheche haijatoka, mizunguko ikiwa midogo na mzigo mkubwa, na huyo anaweza kupasua pistoni. Ndiyo maana 2018 likatoka daraja la oili la API SN Plus, na 2020 likafuata SP, yote yakipimwa dhidi ya tatizo hilo. Nimeomba mara mbili waniandikie daraja la oili waliyoweka. Bado nasubiri.

Aliyenisaidia ni fundi mzee wa Ipogolo, Iringa, safari ile ile ya Kitonga. Ana kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinasoma kwenye simu. Hakunizungusha uani. Akapanda, akasema, "Twende mjini, mwanangu, ule mlima unatutosha." Tukapanda wote, kiyoyozi kimewashwa kama nilivyomweleza. Mlio ulipokuja akanionyesha kioo: cheche zilikuwa zinatoka nyuzi 12 kabla ya pistoni kufika juu, zikacheleweshwa hadi nyuzi 4, na bado tunasikia. Hakusema mengi. Alinifundisha kuvuta gia kwenda chini kabla ya mlima badala ya kuikanyaga injini ikiwa imelala, na akaniambia nijaze sheli nyingine matangi mawili mfululizo, niandike. Nimeandika. Mlio ulipungua, haukuisha. Kwa hiyo mafuta yamo, na kuna kingine. Nusu saa, shilingi 20,000, kwa mtu aliyekubali kwanza kwamba nimesikia nilichosikia.

Najua wapo watakaosema nipeleke Tume ya Ushindani, sheria ya 2003 inamlinda mlaji. Nitakwenda ikibidi. Nilichokitaka mimi ni mtu wa kule nilikopeleka pesa yangu akae kwenye kiti cha pembeni dakika 20.

Nikawaandikia barua, nikaambatanisha picha za kile kioo na orodha ya risiti, nikaomba jambo hilo moja. Jumamosi wamemtuma. Ni yule yule kijana wa kaunta. Alikuja mpole, akaniamkia vizuri, akafunga mkanda. Nilikuwa nimewachukua kaka yangu na shemeji wakae nyuma ili mzigo uwepo. Tukatoka Gongo la Mboto kuelekea Kisarawe, na pale barabara inapoanza kupanda vilima vya Pugu nikaacha gia juu, nikakanyaga.

Shanga kwenye kopo.

Alikuwa ameshika simu. Akaiweka pajani, akainamisha kichwa kuelekea dashibodi. Nikaachia pedali, ikakatika. Nikakanyaga, ikarudi. Akaniambia, "Rudia, dada." Nikageuza gari juu, tukashuka, tukapanda tena. Mara ya tatu hakuhitaji kuinama.

Tuliposimama akafungua daftari lake la kazi, akaandika mistari miwili. Nikamwomba nione. Ilisomeka: "Mlio upo. Kupanda, watu 4, kiyoyozi, gia ya 5. Mteja yuko sahihi."

Gari linaingia karakana Alhamisi, na nimewaambia nitakuwepo boneti likifunguliwa.