Siku 14, 30 au 60? Majaribio ya programu yapimwe kwa kufunga mwezi

Wauzaji wa programu za mauzo na uhasibu wamezoea kutoa majaribio ya bure ya siku 14 au 30, na wateja wamezoea kuomba waongezewe. Muda ukikaribia kwisha, mwenye duka Mbuyuni au mhasibu wa kampuni ya utalii Arusha anapiga simu: bado hatujaiona vizuri. Wakati mwingine ana haki. Mara nyingi, lakini, wiki tatu zimepita na bidhaa bado ziko kwenye daftari.

Kuna makosa yasiyohitaji muda mrefu kuonekana. Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Misumari inaingia kwa katoni ya kilo 25 na kutoka kwa kilo, nusu na robo. Kama programu imesajili misumari kwa katoni na haijui kuigeuza kuwa kilo, keshia anayeuza robo kilo ataandika 0.25, na stoo itapunguza robo ya katoni, yaani kilo 6.25. Baada ya wateja wanne, kwenye kompyuta katoni imekwisha, ilhali rafuni zimebaki kilo 24. Waya wa roli ya mita 100 unaouzwa kwa mita utaleta balaa hilohilo. Jaribio la dakika kumi linatosha kulifichua. Na lingine: zima intaneti saa nzima, uza vitu kumi, kisha iwashe uone kama mauzo yameingia mara moja, mara mbili, au yamepotea. Umeme wetu utakufanyia jaribio hilo hata usipolipanga.

Kisichoonekana ndani ya siku 14 ni kufunga mwezi, yaani kukamilisha hesabu za mwezi mzima na kodi zake. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT ifikapo tarehe 20. Ukianza tarehe 3, siku 14 zinakwisha katikati ya mwezi. Hata siku 30 zinaisha mwanzoni mwa mwezi wa pili, kabla ya hesabu zote mbili. Siku hizohizo 30 zikianza tarehe 22, zinavuka mwisho wa mwezi, PAYE na VAT. Ndiyo maana naona tarehe ya kuanza ina uzito kuliko idadi ya siku.

Ukianza tarehe 22, tarehe 1 hadi 21 hazitakuwa na mauzo ndani ya programu, kwa hiyo ingiza jumla ya kila siku kutoka ripoti za Z (muhtasari wa mauzo ya siku) za EFD, mashine ya risiti za kodi, na manunuzi kwa risiti zake. Mashine iendelee kutoa risiti kama kawaida. Karatasi ya programu ambayo haijaunganishwa na mfumo wa TRA si risiti ya kikodi. Mwezi ukifungwa, linganisha VAT ya programu na ya ripoti za Z. Zikipishana, angalia kwanza bei. Bidhaa ya shilingi 11,800 ambayo VAT imo ndani ina kodi ya 1,800. Programu inayodhani VAT haimo itaongeza 2,124 juu yake. Kisha angalia bidhaa zenye msamaha wa VAT zilizosajiliwa kama za kawaida, na mali iliyorudishwa.

Muuzaji naye asikilizwe. Kila anayejaribu anapigiwa simu, anafundishiwa keshia, anasaidiwa kupakia bidhaa, na wapo wanaobadilisha barua pepe kila mwezi ili waanze upya bure. Ukimpa mtu siku 60, ataanza siku ya 45. (WinRAR, ile programu ya kubana mafaili, na siku zake 40 za kujaribu zisizokwisha imetulemaza wengi.) Kwa duka, basi, siku 30 zinatosha, ilimradi orodha ya bidhaa, bei na mali iliyopo viwe tayari kwenye Excel kabla ya kujisajili, maana saa huanza kuhesabu unapofungua akaunti.

Kampuni za safari ndizo zenye hoja nzito ya kuomba zaidi. Mgeni anauliza Januari, analipa arbuni Machi, anafika Julai. Hakuna majaribio yatakayofuata mzunguko huo, hata ya siku 90. Na ukijaribu wakati wa masika, Aprili na Mei, una nafasi ya kujifunza ila hakuna kazi ya kuielemea programu. Dawa ni kuchukua safari tatu nne za msimu uliopita zilizokwisha na kuzipitisha upya, pamoja na vurugu zake: wageni sita wakawa wanne, loji ikajaa, mmoja akaghairi. Tuseme gari ni dola 240 kwa siku. Kwa watu sita ni dola 40 kila mmoja; kwa wanne ni 60. Ada ya kushuka kreta ya Ngorongoro nayo hutozwa kwa gari, wakati kiingilio ni kwa kichwa. Programu inayogawa kila kitu kwa kichwa itabakiza bei ya zamani, na hasara ni yako. Ila usipakie pasipoti za wageni halisi kwenye akaunti ya kujaribia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina kipengele cha "tulikuwa tunajaribu".

Siku ya 28 hivi ndipo huja ofa: lipa mwaka, miezi miwili bure. Kwa programu ya 50,000 kwa mwezi, hiyo ni 500,000 mkononi. Kulipa mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu ni 150,000. Ni ghali kidogo kwa mwezi, lakini ikishindwa hasara inaishia hapo, na miezi hiyo ukiipanga iguse msimu wa Juni hadi Oktoba unapata majaribio ambayo hakuna anayetoa bure.

Kabla ya kulipa hata huo mmoja, toa data yako yote kwenye faili na uifungue kwa Excel. Namba za simu zikigeuka kitu kama 2.56E+11, badilisha safu iwe ya namba (Number) isiyo na desimali, usihifadhi faili kwanza. Tarehe 03/04 ikisomeka Machi 4 badala ya Aprili 3, mwambie muuzaji arekebishe akiwa bado anakutafuta.